Maoni: Shingo iliyochoka kwa simu haitibiwi na kidonge cha barabarani

Kwa miezi mitatu nilikuwa mteja wa kila juma wa kijana mmoja anayetembeza dawa ndani ya beseni hapa Bukavu. Mwishoni hakuwa ananiuliza tena kitu. Akiniona tu, anahesabu vidonge vinne vya diklofenaki, anavifunga ndani ya kipande cha karatasi ya daftari, ananipa. Shingo ilikuwa inanikaza kuanzia nyuma ya sikio hadi juu ya bega la kuume, na jioni kichwa kinagonga kama mtu anatwanga sombe ndani yake. Nikimeza, naweza kuandika habari zangu mbili za jioni. Asubuhi tunaanza tena.

Siku tumbo lilipoanza kuwaka moto, ndipo nilipokwenda kumuona mtaalamu wa kinesiterapi, yaani mtu anayetibu kwa mazoezi na kwa mikono yake. Nilitegemea anichue, anivutie shingo ilie ka, nirudi kazini. Akaniuliza: «Papa, unashika simu saa ngapi kwa siku?» Nikacheka. Mimi ni mwandishi wa habari. Simu ndiyo ofisi yangu: ndiyo inarekodi sauti, ndiyo kamera, ndiyo meza ya kuandikia, na umeme ukikatika ndiyo taa. Sikuwa na jibu.

Hakunivuta shingo. Aliniambia nilale chali, akachukua mkono wangu akauweka juu ya kitovu, akasema: «Pumua.» Nikapumua. Mkono haukusogea hata kidogo. Kilichopanda ni mabega.

Tangu siku hiyo nimeangalia sana namna watu wa mji huu wanavyokaa na simu, na nimefikia msimamo ambao najua hautawapendeza wauza dawa, wala wazazi wanaopenda kufoka, wala baadhi ya wakubwa wetu wa kazi. Maumivu haya hayatibiwi na vidonge, hayatibiwi na mkanda wa mgongo, na hayatibiwi na kelele za «kaa wima!». Yanatibiwa kwa kuufundisha mwili mambo mawili ambayo simu imeusahaulisha: kusogea, na kupumua kwa tumbo. Yote mawili ni ya bure. Labda ndiyo sababu hakuna anayeyatangaza.

Kwanza tuondoe woga, kwa sababu woga umeenea kuliko ugonjwa wenyewe. Wengi wenu mumepokea kwenye WhatsApp ile picha ya mtu aliyeinamisha kichwa, na pembeni yake kilo zimeandikwa. Picha hiyo ina chanzo. Mwaka 2014, daktari mpasuaji wa mgongo wa Marekani, Kenneth Hansraj, alitoa hesabu zake: kichwa cha mtu mzima, ambacho kina kilo kama 5 hivi kikiwa kimesimama sawa juu ya mabega, huielemea shingo kwa nguvu ya kilo 27 hivi kikiinama nyuzi 60. Hesabu hiyo ina akili ndani yake. Shika bidoni ya lita 5 karibu na kifua, kisha nyoosha mkono uishike mbali na mwili, utaelewa mara moja. Ila wanaosambaza picha hawasemi kwamba Hansraj alitumia mfano wa kompyuta. Hakupima shingo za watu hai, wala hakuuliza nani anaumwa na nani haumwi.

Walipokwenda kuuliza watu, mambo yalibadilika. Huko Rio de Janeiro, Brazil, watafiti waliwachunguza vijana 150 wa miaka 18 hadi 21, wakaangalia wanavyoinama juu ya simu, wakawauliza kuhusu maumivu ya shingo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: kuinama na kuumwa havikufuatana. Kulikuwa na walioinama sana bila kuumwa, na waliokaa vizuri wakiumwa.

Je, inamaanisha kwamba simu haina kosa? Hapana. Mimi nasoma hivi: shingo imeumbwa ili iiname. Mama anayechambua maharagwe anainama, mwashi anainama, anayesali anainama. Shida yetu inakuja tunapoinama kisha tukabaki hapo hapo, saa moja, saa mbili, kama sanamu, misuli ya nyuma ya shingo ikivuta bila kupumzika na ile ya kati ya mabega ikizidi kudhoofika kwa kukosa kazi. Nenda Nyawera uwaangalie vijana wanaouza uniti na kubadilisha pesa chini ya parasoli. Kiti cha plastiki ni kile kile tangu saa moja asubuhi, simu tatu juu ya mapaja, kidevu kimegusa kifua. Wakiinuka jioni wanatembea kama wazee.

Najua kuna msomaji atakayeniambia: wewe unalilia shingo ya simu, na wale wamama wa Kadutu na wa Beach Muhanzi wanaopanda mlima na gunia la mihogo mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso? Ana haki. Nilikuwa na aibu kuandika habari hii kwa sababu yao. Mama mmoja kati yao, aliyekuwa amepumzika kando ya barabara huku mzigo umeegemea ukuta, alinitazama nikijikanda shingo akaniuliza kwa huruma kabisa kama na mimi nabeba. Nikamwonyesha simu. Alicheka hadi akashika mbavu. Wamama hao wanaumizwa na uzito, na dawa yao ni barabara, mikokoteni na bei nzuri ya kazi yao. Nisichanganye mambo. Lakini watoto wao, wale waliowasomesha kwa migongo hiyo, ndio leo wameketi chini ya parasoli, na shingo zinawauma kwa sababu ya kifaa cha gramu 200. Na ndani ya kifaa hicho mara nyingi kuna tantali, ambayo sehemu yake hutoka kwenye coltan inayochimbwa na watu walioinama ndani ya mashimo ya Rubaya, kule Masisi. Tuendelee.

Hapa ndipo jambo la kupumua linapoingia, na kwangu ndilo lilikuwa geni kuliko yote.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Tuseme mara 15. Ni mara 900 kwa saa, na zaidi ya mara 14.000 toka kuamka hadi kulala. Kazi kubwa ya kuvuta hewa ni ya diafragma, ule msuli mpana wenye umbo la mwamvuli unaotenganisha kifua na tumbo. Ukishuka, tumbo linatoka nje kidogo, mapafu yanajaa. Sasa kaa namna tunavyokaa na simu: mgongo umepinda, mbavu zimekaa juu ya tumbo, mabega yamekuja mbele. Diafragma inakosa nafasi ya kushuka vizuri. Mwili hauwezi kukosa hewa, kwa hiyo unawaita wasaidizi: misuli midogo ya pembeni na ya mbele ya shingo, ambayo kazi yake ni kuinua mbavu za juu wakati unakimbia au unapanda mlima wa kwenda Karhale. Wasaidizi hao wanageuka wafanyakazi wa kudumu. Mara maelfu kwa siku shingo inavuta pumzi, na wakati huo huo inabeba kichwa kilichoinama. Kazi mbili, mshahara mmoja. Halafu tunashangaa kwa nini inauma.

Huko Korea Kusini, mwaka 2016, watafiti walilinganisha vijana 50 kulingana na muda wanaotumia simu. Waliozidisha saa 4 kwa siku walikuwa na kichwa kilichotangulia mbele zaidi, na nguvu yao ya kutoa pumzi kwa kasi ilikuwa ndogo kuliko ya wenzao. Vijana 50 ni wachache, na utafiti wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba simu ndiyo iliyosababisha. Lakini unakwenda sambamba na kile ambacho mkono wangu ulikikuta juu ya kitovu.

Kuna jambo lingine ambalo nilimsoma Mmarekani Linda Stone, aliyewahi kufanya kazi ndani ya kampuni za Apple na Microsoft. Mwaka 2008 aliandika kwamba alijikuta akizuia pumzi kila anapofungua barua zake kwenye kompyuta, na alipowatazama wengine akaona hata wao wanafanya hivyo. Jaribu leo. Ujumbe ukiingia, kabla hujausoma, jiangalie. Wengi wetu tunakata pumzi.

Sisi wa mashariki ya Congo tuna sababu zetu za kukata pumzi. Tangu vita vilipofika Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, na hapa Bukavu katikati ya mwezi wa pili, simu haijawahi kuwa mchezo. Benki zilifunga milango, pesa ikabaki kupita kwenye simu. Ndugu aliyekimbilia Uvira, Burundi au Kampala anapatikana kwenye simu. Usiku ukisikia mlio, unachukua simu kuuliza ni upande gani. Nani atamwambia mtu wa namna hiyo «punguza simu»? Wataalamu wa mbali wanaoandika kwamba kila mtu aiweke simu pembeni saa mbili kabla ya kulala hawajalala huku. Ndiyo maana sipendi mashauri yanayoanza na kukataza. Kama hatuwezi kuiacha simu, basi tujifunze kukaa nayo bila kuuvunja mwili, na kuupa mwili mapumziko katikati.

Nilichofundishwa si kingi. Nakieleza kama nilivyokipokea, na mtaalamu aliyesomea atakusahihisha ukimwendea.

Pumzi ndiyo ya kwanza. Unalala chali juu ya mkeka, magoti umeyakunja, mkono mmoja juu ya kifua, mwingine juu ya tumbo. Unavuta hewa kwa pua ukihesabu polepole hadi nne. Mkono wa tumbo upande, wa kifua utulie. Unatoa ukihesabu hadi sita, bila kusukuma. Hiyo inafanya kama pumzi sita kwa dakika, mwendo ambao kwa watu wengi hupunguza mbio za moyo na kuutuliza mwili. Dakika tano zinatosha. Ukisikia kizunguzungu, unavuta kwa nguvu mno. Acha, pumua kawaida. Juma la kwanza nilishindwa kabisa na nilikasirika, maana ni aibu mtu wa miaka thelathini na zaidi kushindwa kupumua. Juma la pili tumbo likaanza kutii. Kisha unafanya hivyo ukiwa umeketi, kisha umesimama, kisha ndani ya taksi simu ikiwa mkononi, na hapo ndipo faida ilipo.

Kisha shingo. Unaketi wima kiasi, unaangalia mbele, unarudisha kichwa nyuma kikiwa kimenyooka, kama mtu anayekwepa harufu mbaya, hadi kidevu kinafanya mikunjo. Usiangalie juu wala chini. Unashikilia kwa kuhesabu hadi tano, unaachia. Mara kumi. Watu watakuona wa ajabu, wataizoea. Halafu mabega: unavuta mifupa miwili ya nyuma ya mabega ikaribiane na kushuka chini, kama unataka kubana kalamu kati yake. Mlango wa nyumba nao unasaidia: mikono miwili kwenye fremu, hatua moja mbele, kifua kinafunguka, na hapo hapo unavuta pumzi mbili tatu za tumbo.

La mwisho ni nguvu, na hili nalipenda kwa sababu lina ushahidi mzuri na halihitaji pesa. Watafiti wa Denmark walichukua wafanyakazi wa ofisini 198 wenye maumivu ya mara kwa mara ya shingo na mabega. Kundi moja walifanya zoezi la mpira wa kuvuta dakika 2 kwa siku, siku tano kwa juma. Kundi lingine dakika 12. Kundi la tatu hawakupewa mazoezi. Baada ya majuma 10 makundi mawili ya kwanza walikuwa na maumivu machache kuliko la tatu, na wale wa dakika 2 hawakuwa mbali na wale wa dakika 12. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011. Dakika mbili! Zoezi lenyewe: unakanyaga katikati ya mpira, unashika ncha mbili, unainua mikono kwa pembeni, mbele kidogo, hadi usawa wa mabega, unaishusha polepole. Unarudia hadi uchoke.

Mpira huo unauzwa kwenye maduka ya michezo ya Ulaya. Sisi tunao kila kona. Ni ule mpira wa ndani wa tairi la pikipiki ambao wafunga mizigo wanakata vipande virefu. Wangu niliupata kwa fundi wa kuziba matairi, na alinipa bure aliposikia ni wa kutibia shingo, akidhani nimechanganyikiwa. Ukate upana wa vidole vitatu. Uangalie kama haujapasuka kabla ya kuuvuta, usije ukakurukia machoni.

Sikupona ndani ya siku tatu. Ilikuwa kama majuma sita kabla sijapita siku nzima bila kuikumbuka shingo, na bado ikinikuta nimeandika hadi usiku wa manane inarudi. Ila kijana wa beseni hajaniona tena. Ninapofikiria ile miezi mitatu, kinachonikera zaidi ni kwamba hakuna hata mtu mmoja aliyeniambia diklofenaki ikimezwa hivyo hivyo kila siku, bila chakula, bila daktari, inaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Nilikuwa nasambaza habari za mji mzima, na habari hiyo sikuwa nayo.

Kuhusu mikanda ya kunyoosha mgongo inayotembezwa siku hizi sokoni, nitasema neno moja. Mkanda unaufanyia msuli kazi, na msuli usiofanya kazi hudhoofika. Unaweza kukusaidia siku mbili, lakini pesa hiyo nunua viatu vizuri, tembea. Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa juma. Kwa mji wenye milima kama wetu, kwenda kazini kwa miguu kunaimaliza hesabu hiyo, mradi usitembee huku unaandika ujumbe.

Wako wagonjwa ambao maneno yangu yote hapo juu hayawahusu, na hawa wasipoteze muda na mpira wa tairi. Kama mkono umekufa ganzi au unaangusha vitu, kama miguu imeanza kuyumba, kama mkojo unatoka bila ruhusa, kama uliangushwa na pikipiki na shingo ikaanza kuuma, nenda hospitali leo. Kama maumivu yanakuamsha usiku, una homa ya jioni na unakonda, usiseme ni simu: kifua kikuu kinashambulia pia mifupa ya mgongo, na nchi yetu ina wagonjwa wengi wa kifua kikuu.

Kwa wengine wote, na ni wengi, maana duniani watu kama milioni 203 walikuwa na maumivu ya shingo mwaka 2020, tatizo ni kwamba hakuna anayetufundisha. Hapa kwetu kinesiterapi tunaijua kama kazi ya kuwasaidia watu wenye ulemavu na waliojeruhiwa na risasi. Vituo kama Heri Kwetu hapa Bukavu na Shirika la Umoja kule Goma vimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na vita havijawapunguzia wagonjwa. Siwezi kuomba wamwache mtu aliyekatwa mguu ili wanikande mimi bega. Ndiyo sababu zaidi ya kuyatoa mazoezi haya nje ya chumba cha mtaalamu, yafike mahali watu wanapokaa na simu zao.

Wakubwa wa kazi wanaweza kuanza. Tunatumiwa ujumbe saa nne za usiku tujibu saa hiyo hiyo, lakini kusimama dakika mbili saa nne za asubuhi kunaonekana uvivu. Sisi watano ndani ya redaksyo yetu tumeanza bila kuomba ruhusa. Kiongozi wetu alipotukuta na vipande vya tairi mikononi alitaka kujua kama tumeingia ndani ya mgomo.

Lakini ninaowategemea zaidi ni walimu. Jimnastiki imo ndani ya programu ya shule ya Congo. Sote tumeisoma, na sote tunajua namna saa hiyo inavyomezwa: mwalimu wa hesabu anaiomba amalize somo lake, au watoto wanatupiwa mpira mmoja, wavulana ishirini wanakimbia na wasichana wanakaa pembeni, siku hizi wakiangalia simu. Mwalimu mmoja niliyemweleza haya yote alinijibu kwamba hana uwanja, hana vifaa, na ana wanafunzi 60 darasani. Nikamuuliza asubuhi wanafanya nini kabla ya kuingia. Wanapanga mistari, wanaimba wimbo wa taifa, wanasubiri mkurugenzi amalize matangazo.

Basi hapo hapo, wakiwa bado kwenye mistari: mikono juu ya tumbo, pumzi kumi, kidevu nyuma mara kumi, mabega mara kumi. Hata mkurugenzi afanye nao. Alisema atajaribu Jumatatu na darasa lake peke yake kwanza, ili aone kama watacheka.